Tafakari ya Ijumaa: mpe kila mwenye haki haki yake

Assalaam alaykum ndugu zangu, mashangazi, maami na wazee wetu wote, Ijumaa karim. Vijana wa darsa wameniuliza kuhusu hii habari ya ustawi inayozunguka kwenye simu, kwamba mtu ana afya za aina nyingi, kuna ya mwili, ya akili, ya hisia, ya pesa na kadhalika, wakataka kujua haya ni mambo ya wazungu tuyaache ama yana asili kwetu. Swali zuri sana na nimeona tulikalie wiki hii.

Kwanza tuwape watu haki yao. Shirika la Afya Duniani kwenye katiba yake ya 1946 lilisema afya ni mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, si kukosa maradhi tu. Baadaye, 1976, daktari mmoja wa Marekani Bill Hettler akazipanga pande sita: mwili, hisia, akili, jamii, kazi na roho. Na 2006 mama mmoja wa huko huko, Peggy Swarbrick, ambaye amefanya kazi sana na watu wenye maradhi ya akili, akaandika zikiwa nane, pesa na mazingira yamo. Huyu wa pili mimi namuelewa zaidi manake ukikaa na mtu aliyelemewa na mawazo haichukui muda utagundua pa kulala hana na mfukoni hamna kitu, sasa utamtibu kichwa peke yake vipi.

Lakini sisi tunacho kisa chetu, kimepokewa na Bukhari, yule mkusanyaji wa hadithi za Mtume, na wengi wenu mmekisikia tangu chuo cha Qurani. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam aliwaunga udugu Salman wa Uajemi na Abu Darda wa Madina. Siku moja Salman akenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe Umm Darda amevaa nguo chakavu hajajipamba hata kidogo. Akamuuliza, una nini? Akajibu, nduguyo Abu Darda hana haja na dunia. Mwenye nyumba akaja, akamuandalia mgeni chakula, akamwambia wewe kula mimi nimefunga. Salman akasema sili mpaka ule, basi akala. Usiku Abu Darda akataka kuinuka kusali, Salman akamwambia lala. Akalala, kisha akainuka tena, akaambiwa lala. Ulipofika mwisho wa usiku Salman akamwambia sasa amka, wakasali wote wawili. Ndipo Salman akamwambia: hakika Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na watu wa nyumbani kwako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume akasema, Salman amesema kweli.

Sasa tazameni vizuri hapo. Abu Darda hakuwa akiumwa. Mchana amefunga, usiku amesimama, ungemuuliza hali angekwambia alhamdulillah na angekuwa mkweli kabisa. Upungufu haukuonekana kwake yeye, umeonekana kwenye nguo za mkewe. Na aliyeuona si yeye wala jirani aliyezoea kupita pale kila siku, ni ndugu aliyeingia siku ile akatumia macho yake.

Ndio mana hizi karatasi za kujipima mwenyewe, ujipe alama moja mpaka kumi kila upande, mimi naona zina faida kidogo lakini hazifiki mbali. Mtu hujipa tisa. Kamuulize mkewe, kamuulize mwanawe wa darasa la nne anaonekana saa ngapi nyumbani na akionekana anaongea na nani. Kama kuna upande umeanguka, wa kwanza kuumia mara nyingi si mwenyewe.

Tena muangalie Salman hakumkataza ibada. Alimwambia lala, akamwambia lala, kisha akamuamsha. Mmeona mashindano yetu ya mashua, mifuko ya mchanga inavyohamishwa kila tanga linapogeuzwa, hakuna anayeigawa sawa kwa sawa kulia na kushoto, inapelekwa upande unaotaka uzito kwa upepo wa saa hiyo. Basi na pande zetu za afya ni hivyo, mwezi wa Ramadhani mzigo unakaa pengine, mke akijifungua unahamia pengine, na mtu asiyehamisha kitu mwaka mzima hata kama alichoshikilia ni kitu kizuri iko haki ya mtu anaila.

Haya tuje kwetu Amu, mji wetu wa Lamu. Mwili sitaukalia sana manake mnaambiwa kila siku, ila presha na sukari zinatumaliza na lazima niseme. Chai ya tangawizi tunatia sukari mpaka kijiko kinasimama, asubuhi mahamri, jioni viazi karai, harusini halwa na pilau, na kutembea ambako ndiko kulikowaweka wazee wetu wazima siku hizi mtu kutoka mtaa wa Langoni kwenda mtaa wa Mkomani, mji huu huu, anatafuta pikipiki. Presha haina maumivu jamani, unaweza kuwa nayo miaka ukicheka barazani, na ikipimwa mara kwa mara ikakutwa 140 kwa 90 au zaidi basi hiyo ni ya kutibiwa, si ya kusubiri kichwa kiume. Na dawa ukipewa usiache kwa sababu umejisikia nafuu, hiyo nafuu ndiyo kazi ya dawa.

Upande nataka tuukalie ni huu wa moyo na mawazo, manake hapa waumini tunaumizana bila kukusudia. Mtu akisema sina raha, silali, kitu hakina ladha, tunamwambia ongeza adhkari, mtaje Mungu zaidi, imani yako imepungua. Wallahi hili neno limewafungia watu wengi midomo. Nabii Yaakub alayhis salaam alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, Qurani ndiyo inayotuambia kwenye Surat Yusuf, na alipolaumiwa na wanawe akasema mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu. Ni nabii huyo. Nani atamwambia imani yake ilikuwa ndogo? Huzuni ilimuingia mpaka kwenye mwili ikachukua macho, na bado alikuwa kwa Mola wake.

Kwa hivyo ukiona ndugu yako wiki mbili mfululizo ana majonzi, kazi aliyokuwa akiipenda haitaki, usingizi umekwenda au analala mchana kutwa, kula hali, anajiona hana thamani, hiyo dipresheni inatibika na mahali pake ni kliniki. Msomeeni Qurani, mpelekeni kwa shekhe akamsomee, hakuna anayekataza, lakini mpelekeni na kwa daktari vilevile, viwili havigombani. Mtume alisema jitibuni enyi waja wa Mungu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hakusema maradhi ya tumbo tu. Na yule anayesema anatamani asiwepo duniani asiachwe peke yake hata usiku mmoja, msimhukumu, msimtangaze mtaani, kaeni naye na mumfikishe hospitali.

Pesa sasa. Watu wanaona kuzitaja kwenye tafakari ni kuteremsha hadhi, mimi sioni hivyo. Anas bin Malik radhi za Allah zimshukie anasimulia alikuwa akimsikia Mtume akizidisha sana dua hii: Ewe Mola najikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, na ubakhili na uoga, na uzito wa deni na kuelemewa na watu. Deni limewekwa kwenye dua moja na huzuni, wala si ajabu kwa anayejua deni.

Mchukueni mvuvi wetu mmoja, si mtu fulani, ni wengi. Kusi limeshika, miezi ya sita na ya saba, bahari chafu, vyombo vimepandishwa juu. Unga anachukua kwa daftari la duka. Wiki ya tatu mwenye duka hajasema kitu ila anaandika polepole akimtazama. Anachukua mkopo wa simu alipe dukani, kisha mkopo mwingine alipe ule wa kwanza, sasa simu ikilia anaigeuza kifudifudi hata kama ni mamake anayepiga. Barazani haji manake pale yupo anayemdai. Msikitini anasali safu ya mwisho karibu na mlango, imamu akitoa salamu ya pili yeye ashavaa ndara zake. Mke akiuliza anafoka. Tunasema fulani amebadilika, amekuwa na kiburi, siku hizi hana salamu. Kumbe ni shilingi elfu kadhaa na riba juu yake zimemkalia kifuani, zikamla usingizi, zikamtoa kwenye jamaa, zikamuharibia hata sala. Huyo hata ukimpa mawaidha ya khushui, ya kutuliza moyo ndani ya sala, huwezi kumfikia, anachotaka ni watu watatu wanne wakae na mwenye duka wapange alipe vipi, na riba ya simu aache kuiongeza. Qurani imesema mdaiwa akiwa na dhiki basi apewe muda mpaka afarijike, na mkisamehe ni bora kwenu. Wenye maduka wetu, aya hiyo inawasubiri nyinyi, nasema kwa mapenzi.

Kazi na mazingira nitapita haraka lakini visidharauliwe. Mwaka 2018 mahakama kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za mradi wa bandari, na mimi naitaja kwa sababu ile kesi haikuwa ya pesa tu, mvuvi akikosa mahali alipofundishwa na babake kuvua amekosa kazi na heshima na kitu cha kumrithisha mwanawe kwa pamoja. Na mitaro inayopita milangoni petu, hizi plastiki na maji machafu, mji huu umeingia urithi wa dunia tangu 2001 na sisi ndio tunaoishi ndani yake, kusafisha mbele ya mlango wako ni afya ya mtoto wa jirani.

Jamii tunajisifu kwamba tunayo, na ni kweli baraza zetu ni neema, mzee ambaye hakuonekana baada ya Alasiri watu wanaulizana. Lakini hebu piteni jioni mtazame, wamekaa watu saba na vichwa saba vimeinama kwenye simu. Na kuna wasio na baraza kabisa. Mama anayemuuguza mkwewe kitandani mwaka wa pili, anamgeuza, anamuogesha, anamlisha uji kwa kijiko, harusi hendi, darsa hendi, na kila mtu anamwambia utapata thawabu. Thawabu atapata inshaallah. Ila haki ya nafsi yake nani anaisimamia? Yeye ndiye Umm Darda wetu, ukimtazama tu unajua nyumba ile iko mtu hajafanya zamu yake. Wanawe wa kiume, wifi zake, chukueni hata siku moja kwa wiki alale, atembee, akasukwe nywele, akakae na wenziwe.

Jambo la mwisho nalolipenda kwenye kisa hiki ni mpango wa Salman. Maneno aliyasema mwisho. Kwanza alienda kwa miguu yake, akamuuliza Umm Darda hali, akakaa chini akakataa kula peke yake, akalala pale pale, akaamka naye, wakasali pamoja, ndipo akafungua mdomo kunasihi. Sisi tunaanza na kunasihi. Tunatuma klipu ya dakika tano na maandishi "sikiliza hii itakufaa" na huyo mtu hatujaketi naye miezi.

Basi kazi ya wiki hii ni moja. Kila mmoja afikirie mtu mmoja aliyepotea machoni, asiyejibu simu, anayetoka msikitini mbio, au yule mama, na aende kwake kabla ya Ijumaa ijayo na chakula mkononi, mkate wa mofa na samaki vinatosha, na msile mpaka ale. Mkiona kuna deni nijulisheni mimi au imamu kwa siri tulisimamie bila kumtaja jina. Mkiona ni presha au ni mawazo, muandamaneni naye mpaka hospitali mkae kwenye foleni pamoja. Na aliye mbali, Mombasa au Ulaya, apige simu ya sauti, si ujumbe.

Wiki ijayo inshaallah tutachukua suala la usingizi, manake vijana wameniletea maswali mengi ya kukesha na simu mpaka Alfajiri inawapita. Mwenye swali atume mapema. Wassalaam alaykum.