Kidaka cha bafuni na marumaru ya kukizunguka

Sharti langu kwa fundi lilikuwa moja: sitaki tena kikapu cha plastiki kinachoning'inia bombani. Shampuu, sabuni, dodoki na makopo ya watoto vyote viingie kwenye kidaka, yaani tundu la rafu ndani ya ukuta.

Fundi akagonga ukuta kwa kidole. "Mama, hili tofali la inchi sita. Nikichimba inchi nne, kinachobaki ni ganda tu, na nyuma yake ndiyo chumbani kwako."

Tukaacha kuchimba. Badala yake, upande wa kichwani mwa beseni la kuogea tulipandisha ukuta mwingine wa tofali za inchi nne, ukaishia usawa wa mabega. Kidaka kikakaa ndani yake, na juu tukapata rafu ya bure ya kuwekea taulo. Marumaru, yaani vigae, tulinunua kabla ya tofali la kwanza: za sentimita 30 kwa 60. Mgongo wa kidaka ni marumaru moja nzima iliyolazwa, haina hata kiraka. Tundu lenyewe ulipanue kidogo kuliko hapo, maana plasta na gundi hula nafasi kila upande.

Rangi niliyoitamani ni nyeusi. Lakini huku kwetu Tegeta tunaoga maji ya kisima, yana chumvi, na yakikauka kwenye cheusi yanaacha michirizi myeupe kila siku ya Mungu. Nikachukua rangi ya mchanga, yenye kung'aa ili ifutike. Muuzaji Kariakoo alinisukumia marumaru za poselini, zile ngumu zaidi, ukuta mzima. Ni nzuri kweli, hainyonyi hata asilimia 1 ya maji, ila kwa sababu hiyohiyo uji wa simenti hauing'ang'anii. Inadai gundi yake maalumu. Poselini nikaiweka sakafuni. Ukutani keramiki ya kawaida inatosha.

Cha kuzuia maji si marumaru, ni kile kinachopakwa nyuma yake. Hapo sikubana pesa: dawa ya unga na maji yake, ikapakwa mara mbili, na utepe wa wavu kwenye kila kona ya kidaka. Maji hupenyea kwenye maungio.

Kitako cha kidaka ni kipande cha graniti kilichobaki jikoni, kimeinamishwa kidogo kuja mbele ili maji yasituame. Mabo, lile jiwe la asili, nilikataa. Chumvi huku tunaitoa kwa ndimu au siki, na mabo ikiguswa na ndimu inaliwa.

Mwisho silikoni, ule mpira wa kuziba maungio, pale beseni linapokutana na ukuta. Fundi alicheka nilipomwambia alijaze maji kwanza. Beseni la akriliki, yaani la plastiki, hushuka kidogo likibeba uzito; ukipiga silikoni likiwa tupu, itachanika siku mtu atakapoingia kuoga. Maji yakalala humo mpaka asubuhi, tukayatumia kudekia vumbi lote alilotuachia sebuleni.