Diski ya Nne

Juzi mwanangu kaniuliza kwa nini kila diski humu ndani imeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. Nikamwambia ni ili nijue ipi ilikaa wapi, akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimesharudi kwa shemeji, kwenye kile kisanduku chake cha kuhifadhia mafaili, kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani, kilicholia pi-pi-pi usiku kucha.

Shemeji mnamjua, yule wa kurekodi masimulizi ya wazee. Sauti zake zote zilikuwa kwenye kisanduku cha diski 4, kila moja terabaiti 4, zimeunganishwa kwa RAID 5, mpangilio wa kuzifanya diski kadhaa kuwa hifadhi moja. Kwenye mpangilio huo data hukatwa vipande na kutawanywa kwenye diski zote, na kila vipande vitatu huwa na cha nne cha pariti, hesabu inayotokana na hivyo vitatu. Diski moja ikifa, kilichokuwemo hukokotolewa kutoka kwa zilizobaki. Zikifa mbili, basi tena.

Diski ya pili ilikuwa imekufa zamani, na taarifa zake zilikuwa zikienda kwenye baruapepe ambayo haifunguliwi. Siku shemeji alipoiona taa nyekundu akanunua diski mpya, akaichomeka, kisanduku kikaanza kujijenga upya. Watu hudhani hapo ndipo hatari imeisha. Kumbe kujijenga upya maana yake ni kusoma kila sekta, yaani kila kijisehemu cha kuandikia data, ya diski zilizobaki, hata pembe ambazo hazijaguswa miaka. Kwake ilikuwa ni terabaiti 12 za kusomwa bila kosa, na diski nyingi za kawaida huuzwa kwa kiwango cha kosa lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Katikati ya safari diski ya nne ikakwama. Kisanduku kikaitoa kundini, safu yote ikasimama, na kwenye skrini kikatokea kitufe cha kuunda hifadhi mpya juu ya ile ya zamani. Fundi aliyepigiwa simu alisema kibonyezwe tu.

"Shemeji, usiguse kitu. Zima, nakuja."

Alinisikiliza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Data nyingi huponea hapo, kwa mtu kukubali kutofanya lolote.

Nikaziandika namba kabla ya kuzichomoa, hata ile iliyokufa. Visanduku vingi vya aina hii ndani yake vinaendeshwa na mfumo wa Linux, kwa hiyo diski zake husomeka kwenye kompyuta ya kawaida. Ya kwanza na ya tatu nilizinakili zote mbili bila shida. Ikabaki ya nne.

Nilitumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Kwanza huchukua yale yanayosomeka kwa urahisi. Ikikuta kosa huruka mbele, halafu hurudi baadaye kunyofoa kilichobaki, na kila hatua huiandika kwenye faili la ramani, hivyo ukiizima huendelea pale ilipoishia. Saa za mwanzo ilikwenda vizuri, megabaiti mia na ushee kwa sekunde. Kisha mvumo wa diski ukabadilika. Tk. Kimya. Tk, tk. Kimya kirefu zaidi. Kasi kwenye skrini ikashuka mpaka sifuri na kuganda hapo.

"Inakufa, shemeji?"

"Inatafuta."

Na ndivyo ilivyokuwa: kichwa cha kusomea kinakwenda mahali pake, kinakosa, kinarudi kujipima, kinajaribu tena. Niliweka kiganja juu ya bati, lilikuwa la moto. Nikasimamisha, tukaelekeza feni, tukangoja lipoe, nikaanzisha upya. Sekta kadhaa zikaingia. Tk. Nyingine kadhaa. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, hasemi, na kila namba ya sekta zilizookolewa ilipopanda nilisikia akishusha pumzi. Mlio wa tk-tk ulipozidi kuwa mkali, kikiwa kimebaki kieneo kidogo tu, nikaizima.

Mengine yalikwenda haraka. Kila diski kwenye safu kama hiyo hubeba hesabu ya matukio, namba inayopanda kadiri safu inavyobadilika. Ya kwanza na ya tatu zililingana, ya nne ilikuwa nyuma kidogo tu, ya pili nyuma sana. Kwa hiyo nikaunganisha nakala za 1, 3 na 4 kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski za RAID, kwa kulazimisha, kisha nikafungua mfumo wa mafaili kwa kusoma tu. Mafolda yakatokea. Shemeji alikaa chini sakafuni.

Kilichonibakia moyoni ni rekodi ya mzee mmoja anayetaja majina ya babu zake. Sekta moja ya baiti 4,096, kwa sauti ya stirio ya kiwango cha CD, haifiki hata sehemu ya arobaini ya sekunde. Lakini sekta mbovu hukaa pamoja. Pale ambapo diski ya nne haikusomeka pamejaa sifuri, basi sauti inakatika. Na karibu na hapo vipande vya diski ya pili vilikokotolewa kwa kutumia sifuri hizo hizo, vikatoka mkwaruzo mtupu. Jina moja limeangukia humo. Mzee mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

Diski ya nne ninayo, sijaifuta. Mara kwa mara shemeji huniuliza kama tungeiacha izunguke usiku mmoja zaidi tungelipata lile jina. Huenda. Huenda pia kichwa kingekwaruza sahani na kuharibu hata uwezekano wa kujaribu tena kwenye maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Nimemjibu yote mawili kwa nyakati tofauti, na kila mara nilikuwa naamini ninachosema.