Nimeomba buti kwenye ruzuku ya teknolojia

Juzi usiku nimetuma ombi letu la pili la ruzuku ya teknolojia ya kufuatilia misitu. Umeme ulikatika mara moja, bando likaisha mara moja, na dakika ishirini kabla ya dirisha kufungwa nilikuwa bado nautazama mstari mmoja wa bajeti, sijui niufute au niuache: buti za mpira, jozi 10.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, mimi nafanya kazi kwenye shirika dogo Kilwa. Tuko watatu, chumba kimoja, na pikipiki moja ambayo fundi anaijua kuliko sisi. Tunafanya kazi na kamati za maliasili za vijiji, zile zinazosimamia misitu ambayo Sheria ya Misitu ya 2002 imewapa wanakijiji waitunze na kuivuna wenyewe. Kilwa jambo hili lina mizizi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji ya huku ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuharibiwa, na wapo wanaokumbuka vizuri siku mpingo wao ulipouzwa kwa bei ya halali kwa mara ya kwanza.

Watu wakisikia ukataji miti wanafikiria msumeno usiku na lori lisilo na taa. Yapo hayo. Lakini kinachokula msitu wetu zaidi ni ufuta. Ufuta unapenda ardhi mpya. Mtu anafyeka kiangazi, anachoma, mvua zikianza anapanda, na katikati ya mwaka mzigo uko mnadani kwa stakabadhi ghalani. Bei ikiwa nzuri, kiangazi kinachofuata anaongeza ekari. Siwezi kumwita mtu huyo mhalifu kwa mdomo mwepesi, maana ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya ufuta ya mama yangu.

Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa dola 10,000. Tulinunua simu tano na chaja za kubeba, tukafanya mafunzo ya siku tatu. Tuliambiwa pia tufikirie droni. Tulipofika kwenye kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na idhini ya Wizara ya Ulinzi, tuliifunga mada hiyo kwa heshima.

Kwenye simu tuliweka Forest Watcher, programu ya bure ya Global Forest Watch. Ukiwa na mtandao unapakua vidoti vya eneo lako, yaani alama za mahali ambapo setilaiti inahisi miti imeondoka, kisha unaingia porini bila mtandao, simu inakuelekeza kwa GPS hadi kwenye kidoti. Ukifika unajaza fomu na kupiga picha. Maswali ya fomu tuliyatunga wenyewe kwa Kiswahili, na mzozo mkubwa ulikuwa kama tuandike "shamba jipya" au "uvamizi". Kamati ilikataa katakata neno uvamizi. Tukaandika shamba jipya.

Safari ya kwanza ilikuwa Septemba. Vidoti kumi na moja, vyote vimekusanyika upande wa mtoni. Mzee wa doria, ambaye nitamwita mzee tu, alivitazama kwenye kioo akasema, "Pale hakuna mtu, mwanangu. Pale miombo imepukutika." Sikumsikiliza, nilikuwa na simu mpya mkononi. Tulitembea saa tatu na nusu. Tulikuta miombo imepukutika, na chini moto umepita.

Niliporudi nikasoma vizuri. Vidoti vile vinatoka kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, wanaotumia picha za setilaiti za Landsat. Kila kidoti ni mraba wa mita 30 kwa 30, yaani karibu robo ekari. Setilaiti moja inarudi mahali palepale baada ya siku 16, na mawingu yakiwepo haioni kitu. Kwenye msitu wa mvua usiopukutika kazi ni nyepesi kidogo. Kwetu kiangazi miti yenyewe inavua majani na moto unapita chini yake, kwa hiyo ukiwa juu angani unaweza kudhani watu wamefyeka. Tukaweka utaratibu kwamba kidoti kimoja kimoja tunakiacha, vikijipanga pamoja na kuongezeka wiki hadi wiki, tunakwenda.

Oktoba vikajipanga. Tukaenda, tukakuta ekari tatu zimefyekwa safi ndani ya mpaka wa hifadhi, visiki bado vinatoa utomvu, na kikaango kimefungwa juu ya mti. Mzee alipiga picha nne, akajaza fomu taratibu kwa kidole kimoja. Nikaona hashangai. Nikamuuliza, "Mzee, ulikuwa unalijua shamba hili?"

"Tangu wiki tatu zilizopita. Nilipita hapa kutafuta asali."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaifuta simu kwenye shati. "Wewe jioni unarudi mjini Masoko. Mimi watakaonizika ni hawa."

Mwenye shamba alikuwa shemeji wa katibu wa kamati. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji suala lilipofika, watu wote wakawa wanatazama ardhi. Mzee akasimama, akainua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, akasema, "Mimi sijasema neno. Kimesema hiki." Watu wakacheka, hata yule shemeji akacheka. Picha zikazunguka mkono kwa mkono, na tarehe na alama za GPS zikasomwa kwa sauti. Faini ikatozwa kwa sheria ndogo ya kijiji, shamba halikuchomwa wala kupandwa, na jioni nilimkuta mzee na shemeji wanakunywa chai kibanda kimoja.

Kwenye ripoti niliandika kwamba teknolojia "imeongeza uwezo wa kijiji kubaini ufyekaji". Uongo wa kistaarabu. Kijiji kilikuwa kimeshabaini. Walichokosa ni mtu wa kulibeba lile neno bila kugombana na jirani, na setilaiti haina jirani. Lakini hailibebi peke yake. Kidoti kisichofikiwa hakina picha, na mkutano hauwezi kumtoza mtu faini kwa doa la pinki kwenye kioo.

Hapo ndipo ruzuku ilipotubana. Mafuta, bodaboda na posho ya watu wa doria viliwekwa kwenye "gharama za uendeshaji", na hizo zilikuwa na kikomo cha asilimia kumi. Vifaa havikuwa na kikomo. Novemba, mwezi ambao kila mtu yuko porini na panga, pesa ya kutembea ikaisha. Simu zilikuwa nzima, zimejaa chaji, zikipakua vidoti kila wiki, na hakuna aliyekwenda. Nilivihesabu hadi thelathini na kitu, kisha nikaacha kufungua.

Baadaye likaja swali la mwisho kwenye fomu ya wafadhili: mmeokoa hekta ngapi? Nilikaa nalo siku mbili. Ekari tatu zile naweza kuziapia. Zaidi ya hapo ningekuwa natunga, na nawajua waliotunga.

Kwa hiyo safari hii bajeti nimeianza porini. Nimehesabu doria nne kwa mwezi kuanzia Agosti hadi Desemba, watu watatu kila doria, shilingi 10,000 kwa siku, na mafuta. Simu hatukuomba hata moja, tunazo. Nimeomba kubadilisha betri mbili tu. Na buti, kwa sababu visiki vya shamba jipya vinakatwa mshazari na vinachoma kama mkuki.

Mstari niliuacha. Leo asubuhi wafadhili wamejibu kwa swali moja la ufafanuzi: buti zinahusianaje na lengo la mradi la teknolojia ya ufuatiliaji? Nimewatumia picha ya katambuga za mzee, ile ya kushoto imetobolewa hadi upande wa pili. Nasubiri.