Jinsi tulivyopunguza kusimama kwa kituo chetu cha kahawa Kapchorwa

Kahawa mbivu ya arabika haisubiri: inapaswa kumenywa siku ileile iliyochumwa, la sivyo huanza kuchachuka ndani ya ganda na ladha yake ikaharibika. Ndiyo maana niliumia kila mara kituo chetu cha kuoshea kahawa, hapa kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, kiliposimama katikati ya msimu na wakulima wakakesha kando ya magunia yao.

Wanakamati walitaka tununue mashine mpya ya kumenyea. Mimi, nikiwa fundi mkuu, niliomba kwanza nipitie daftari la matengenezo. Hatua zetu nne, yaani pampu ya maji, mashine ya kumenyea, mashine ya kuoshea na kikaushio, zinafuatana, na moja ikisimama kazi yote husimama. Kwa hiyo uimara wa mfumo mzima hupatikana kwa kuzidisha, wala si kwa kutafuta wastani. Katika kila siku 100, pampu ilimaliza siku 85 bila hitilafu, na kila moja ya mashine nyingine tatu siku 95. Ukizidisha, unapata siku 73 tu. Mashine mpya ya kumenyea, hata ingefikia siku 99, ingetupandisha hadi 76, ilhali pampu ya pili ya akiba, ambayo ni ya bei nafuu zaidi, ingetufikisha 84.

Hesabu hiyo ina sharti moja, nalo ndilo lililoninyima usingizi: pampu hizo mbili zisiangushwe na sababu moja. Zikitegemea waya uleule wa umeme, umeme ukikatika zote hulala, na akiba inabaki jina. Kwa hiyo nilisisitiza ya pili iwe ya dizeli, na bomba lake la kuvutia maji liwe na chujio lake, mahali tofauti mtoni, kwa kuwa matope ya mvua kubwa yaliwahi kutuziba. Tuliweka pia tanki la lita 10,000 juu ya mteremko, maji yashuke yenyewe, tupate muda wa kubadili pampu bila kumenya kukatizwa.

Msimu uliofuata beringi ya pampu ya umeme ilikufa jioni ya mavuno mengi, na kahawa yote ikamenywa kabla ya saa nne usiku. Sasa kinachotusimamisha zaidi ni mkanda wa kikaushio. Wa akiba umeshatundikwa ukutani.