Ndege 7 kwenye karatasi 4: nilivyotengeneza kitabu cha picha

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 16 za A5. Ukurasa wa 1 na wa 16 ni jalada, zinabaki jozi 7 zinazotazamana, basi nikapata nafasi ya ndege 7. Nilichagua wale ambao mtoto wa Nairobi huwaona njiani: kwezi, mwewe, kwarara, kunguru, chozi, kwera, na wale korongo wenye upara wanaotua juu ya migunga karibu na Nyayo Stadium.

Kwezi ndiye mwenye kazi. Wengi humchora buluu juu, rangi ya kutu tumboni, wakaishia hapo. Huyu wa bustanini kwetu ana mstari mweupe kifuani unaozitenga rangi hizo mbili, na jicho jeupe. Ukiuacha mstari ukampa jicho jekundu, umechora kwezi mwingine kabisa, yule wa Hildebrandt. Watoto huliona kosa hilo upesi. Vipimo vya mwili nilivichukua kwa ndege waliokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, ila rangi nilizitoa kwa ndege hai, maana midomo na miguu hupauka ndege akishakaushwa. Na kile kinachofanana na goti lililopinda kinyume ni kisigino. Goti lenyewe limefichwa na manyoya.

Maneno yawe machache: "Kwera anafuma nyumba." Rangi ziachie picha.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kuchapa. Karatasi ya nje hubeba kurasa 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Ndani ya kitabu, ni 8 na 9 tu zinazokaa pamoja kwenye karatasi moja, kwa hiyo korongo aliyekunjua mabawa nilimweka hapo. Jozi nyingine huungana kutoka karatasi mbili. Zikisogea milimita 2, mdomo unakatika. Weka kichwa sentimita 2 mbali na mkunjo.

Buluu ya kwezi hung'aa kwenye skrini, kisha hutoka imefifia kama sare iliyofuliwa muhula mzima. Huko River Road, kwa mchapaji, niliomba kwanza nakala moja ya ukurasa huo, kwenye karatasi ileile ya kitabu, ya gramu 150 kwa mita ya mraba. Dawa haikuwa kuongeza buluu. Nilifuta majani yote nyuma yake, karatasi ikabaki nyeupe, na buluu ikajitokeza.

Karatasi ya jalada, gramu 250, ichore mstari wa mkunjo kwa kalamu iliyokwisha wino, la sivyo rangi itapasuka. Kisha pini 2 kwenye mkunjo. Ukingo wa mbele ukatwe mwisho kabisa, kwa kuwa karatasi za ndani huchomoza zikishakunjwa pamoja.