Ile laini ya kitanda cha nne

Nimetoka duti ya usiku, nimeoga, chai ya rangi iko hapa inapoa na usingizi umekataa kuja, na jirani zangu wa hapa Kondele, Kisumu, nao wameamua leo ndio siku ya kufungulia rumba kutoka saa mbili asubuhi. Basi wacha niandike hii kitu, maana imenikaa kooni tangu mwezi jana.

Kulikuwa na mama kitanda cha nne. Mkulima wa mpunga kutoka Ahero, alikuja kwetu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na nimonia, presha imeanguka kabisa, na usiku huo huo daktari akamwekea sentro laini shingoni. (Si laini ya simu jamani, ni ule mrija mrefu unaoingia kwa mshipa mkubwa hadi karibu na moyo, maana dawa za kupandisha presha zikivuja kwa mshipa mdogo wa mkono zinachoma nyama.) Na aliwekewa vizuri, nilikuwa hapo nikishika tochi: mikono imeoshwa, gauni, kofia, maski, ngozi imepakwa klorheksidini, ile dawa ya kuua vijidudu, ikaachwa ikauke, shuka safi limemfunika kutoka kichwani hadi miguuni. Kwa hivyo mtu asiniambie kosa lilikuwa la daktari.

Siku ya nne presha ilikuwa imesimama yenyewe, dawa zikakatwa. Siku ya tano mama anakunywa uji, ananiita nyathina, yaani mwanangu, ananiuliza kama nimeolewa na kama sijaolewa nangoja nini. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Laini haikuwa na kazi tena, lakini mama alikuwa na ile mishipa ya mkono ya kujificha, unatafuta mpaka unaanza kuomba, na damu ya maabara ilikuwa inatakiwa kila asubuhi. Daktari wa intan, yule aliye bado mafunzoni, akauliza, tuitoe? Mimi ndio nikamjibu, kwa mdomo wangu, "Daktari, wacha tu ikae hadi Jumatatu, itatusaidia na damu."

Itatusaidia. Sisi.

Sasa mnajua joto la Kisumu. Ile dresingi ya plastiki unayoona ndani inaweza kukaa hadi siku saba, ya gozi siku mbili, lakini hiyo hesabu ni kama bado imeshika, ikilowa au ikibanduka unabadilisha hapo hapo. Jumamosi mchana jasho lilikuwa limeinua ukingo wa chini kama kona ya stika kwa kioo cha matatu, na mtu, sijui nani, pengine ni mimi, akakandamiza plasta juu yake akaenda zake. Halafu kuna habu, ule mdomo wa laini tunapounganisha sindano, inatakiwa kila ukiugusa uusugue na spiriti sekunde kama 15 na uungoje ukauke. Wewe jaribu kuhesabu 15 polepole ukiwa na wagonjwa watatu na mashine mbili zinalia. Ni ndefu kama misa ya Pasaka.

Jumapili usiku akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Joto 39.6. Tukatoa damu ya kalcha, ile inayowekwa maabara kuona kama kuna wadudu wataota, chupa za laini na chupa za mkononi, na mkononi tulipata! Mara ya pili tu, kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Zile za laini zikaota mbele ya zile za mkono kwa zaidi ya saa mbili, na hiyo ndio alama kwamba wadudu walianzia hapo. Stafilokokasi aureasi, mdudu anayeishi tu kwa pua na ngozi za watu, zangu zikiwemo. Laini ikatolewa usiku huo, kisha wiki mbili za antibiotiki ya mshipa. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini mtoto wake aliuza ng'ombe wawili kwa sababu ya bili, aliniambia hapo koridoni akicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana namna.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma usiku wodi ikitulia. Kuna ile kazi ya Peter Pronovost na wenzake kule Michigan, Marekani, ilitoka 2006, ICU 103. Walisisitiza mambo matano: osha mikono, paka klorheksidini, jifunike na umfunike mgonjwa kabisa, epuka kuweka kwenye kinena, na utoe laini isiyohitajika. Kabla ya hapo ICU ya katikati, ukizipanga zote kutoka ya chini hadi ya juu, ilikuwa na maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta, yaani siku ambazo laini iko ndani ya mgonjwa, baada ya miezi mitatu ikawa 0. Hakuna mashine mpya hapo, hakuna dawa mpya. Lakini ukiangalia vizuri, manne ya kwanza yana saa yake na troli yake, unajiandaa, watu wako macho. Hilo la tano halina saa. Hakuna mtu anayekuja na troli kukuambia sasa ni wakati wa kuuliza hii kitu bado iko hapa kwa nini, na laini yenyewe haisemi, inakaa tu hapo inakurahisishia kazi.

Jana usiku, kitanda cha pili, mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Dawa za presha zilikatwa juzi. Intan akaniambia, "Sista, mishipa yake ni mibaya sana, tungeiacha wikendi." Nikamwambia najua, nimeiona, na bado tuitoe. Akakubali. Tukamlaza chali, kichwa chini kidogo, nikamwambia mwalimu toa pumzi yote, nikavuta, nikakandamiza dakika tano nikiangalia saa ya ukutani, nikafunga dresingi isiyopitisha hewa.

Saa kumi na moja alfajiri nikaenda kumtoa damu ya maabara. Nilimtoboa mara tatu. Ya tatu ilipokubali akaniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Wewe sista, ulisomea wapi?"