Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa

Itazame karatasi inayozungushwa mkutano mkuu wa kijiji unapoanza. Mara nyingi imechanwa kwenye daftari, ina safu tatu: jina, kitongoji, sahihi. Juu hakuna tarehe wala ajenda. Ukisaini umethibitisha kwamba ulikuwepo, lakini ulikuwepo kwenye nini? Karatasi hiyo inaweza kubanwa pini nyuma ya muhtasari wowote, hata unaosema wanakijiji waliridhia mwekezaji apewe eneo la ufukweni, ilhali siku ile mlizungumzia vyoo vya shule.

Dawa yake ni wino. Kabla mtu wa kwanza hajasaini, juu ya kila ukurasa paandikwe jina la kijiji, tarehe, ajenda zote na namba ya ukurasa, "2 kati ya 5". Mkutano ukifungwa, pigeni mstari chini ya jina la mwisho, andikeni idadi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha kurasa zote zipigwe picha na kutumwa kwenye simu tatu nne. Simu moja huibwa au huzama baharini.

Wengi wamekata tamaa baada ya uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 29 Oktoba 2025, na siwalaumu. Matokeo ya urais yakishatangazwa, ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama kuyachunguza. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na bado tukaenda kwenye uchaguzi nacho kikiwa palepale. Huko juu mkono haufiki. Kijijini unafika. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ya matumizi mengine ya umma, hekta 250 kushuka chini, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Zikizidi, mnatoa maoni na Waziri anaamua. Kwa mwambao kama wetu wa Bagamoyo, wa Mapinga hadi Mlingotini, ambako tangu mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo wa 2013 wageni wenye ramani hawakauki, hiyo si haki ya kuichezea.

Mkutano mkuu wa kawaida ni kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Tatizo ni saa. Tangazo likisema "saa nne asubuhi" na siku hiyo ni bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wanawake wa mwani wote wako majini, kwa sababu bamvua maji hukauka karibu na saa hizo hizo. Ukiupeleka usiku wakati wa giza, wavuvi wa dagaa wameshatoka na taa zao. Angalieni mwezi kabla ya kupanga. Siku za mbalamwezi, saa kumi jioni, ndizo bora: maji yamejaa, mwani haufikiki, na dagaa hawavuliwi kwa taa mwezi ukiwa mpevu. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kukauka sana, pia zinafaa. Anayepanga mkutano wa ardhi saa nne ya bamvua ama hajui pwani, ama anaijua vizuri mno.

Kwenye taarifa ya mapato na matumizi msianze na matumizi. Anzeni na salio. Salio la kuanzia la robo hii lazima lilingane na salio la kufungia la robo iliyopita, hadi shilingi. Mfano: taarifa ya Machi ilifunga na 1,240,000, ya Juni inaanza na 940,000. Hizo 300,000 hazikutumika Machi wala hazitaonekana Juni. Zimepotelea katikati ya karatasi mbili. Ndiyo maana ile ya zamani isitupwe. Baada ya hapo ombeni stakabadhi za vitu viwili vikubwa tu, tuseme saruji na mabati, mkahesabu mifuko na bando kwenye jengo lenyewe. Ukidai stakabadhi zote utaonekana mgomvi, na jua litazama kabla hamjamaliza.

Muhtasari huandikwa na mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu. Usomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata, na marekebisho yatolewe kabla haujathibitishwa. Ukishathibitishwa, kubisha ni kazi ngumu.

Na kama mkutano hauitishwi? Barua fupi kwa mwenyekiti, yenye majina na sahihi za wakazi, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Chapisheni nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri hamjaandika kitu. Ukitaka nyaraka zilizoko wilayani, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: raia huomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Taja waraka wenyewe na mwaka wake. "Naomba taarifa za ardhi" hujibiwa kwa maneno matupu.

Jambo la mwisho huwanasa watu kila mara. Kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi haikuandikishi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Huo una orodha yake, inayoandaliwa upya kwenye kitongoji chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba. Orodha ikibandikwa, pita ukaisome yote, si jina lako peke yake. Marehemu wa kitongoji chako unawajua wewe, karani hawajui.